Koili Ina Upande

Ukipeleka Land Rover kuukuu kwa fundi umeme wa Bwizibwera, wa Mbarara mjini au wa Base Camp kule Nakivale, ukamwambia koili imekufa na mpya hii hapa, utasikia moja ya kauli mbili. Ya kwanza: koili haina upande, ifunge utakavyo, gari litawaka. Ya pili: chanya ya koili huenda kwenye swichi, hasi huenda kwenye distributa, hakuna mjadala. Kauli hizi zinagombana zenyewe kwa zenyewe, kwani kama koili haina upande, hiyo kanuni ya pili ni ya nini? Hata hivyo nimezisikia zikitoka kinywani mwa mtu mmoja. Na kwa gari ambalo ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, zote mbili ni makosa. Zinarudiwa kila siku mbele ya vijana wanaojifunza kazi, nao wanazibeba kama zilivyo. Ndiyo maana nazijibu hapa bila kumung'unya maneno.

Kwanza tuelewane ni magari gani. Waingereza walishika utaratibu wa kufunga chanya kwenye bodi tangu miaka ya 1930, na Lucas, kampuni iliyowatengenezea sehemu kubwa ya vifaa vya umeme vya magari yao, ikaufanya kuwa wa kawaida. Waliamini kwamba nyaya na vichwa vya betri vingeliwa na kutu polepole zaidi. Land Rover ya kwanza iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 ilikuwa ya bodi chanya. Series II iliyotoka 1958 na injini yake ya petroli ya lita 2.25 ilirithi mpango huohuo, na Land Rover hazikugeuzwa hadi 1967, oltaneta na vifaa vya transista vilipokuwa vimeanza kuenea. Morris Minor na Austin za miaka hiyo ni ndugu zake, na trekta dogo la kijivu la Ferguson vilevile. Hayo ndiyo magari yaliyotembea Uganda kabla na baada ya uhuru wa 1962. Makazi ya Nakivale, yaliyofunguliwa 1958 kwa ajili ya wakimbizi na kutambuliwa rasmi 1960, yana umri sawa nayo.

Nawaelewa wenye kauli hizo. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, maduka mengi ya spea na gereji kubwa zilibaki bila watu waliozijua, na mafundi wengi waliofunzwa humo walitawanyika. Baadaye yakaja magari ya Kijapani yaliyotumika, Corona kwa Hiace, na yote ni ya bodi hasi. Fundi wa leo amefunzia mkono wake hapo. Kwake chanya kwenda kwenye swichi ni kweli, kwa sababu kwenye magari aliyoyashika ni kweli. Kosa linaanzia pale anapoichukua kanuni ya gari moja na kuipeleka kwenye gari lingine bila kuuliza umeme unaingilia wapi na kutokea wapi.

Basi tuufuate umeme wenyewe. Kwenye Corona unatoka chanya ya betri, unapita kwenye swichi, unaingia koili kwa ncha yake ya chanya, unatokea hasi, unafika kwenye pointi ndani ya distributa, unashuka kwenye bodi na kurudi hasi ya betri. Kwenye Land Rover ya 1960 safari imegeuka. Unatoka chanya ya betri na kuingia kwenye bodi moja kwa moja, unapanda kutoka kwenye bodi hadi kwenye pointi, unafika kwenye koili, ndipo unapita kwenye swichi na kurudi hasi ya betri. Kwa hiyo katika gari hili koili inapokea umeme kutoka upande wa distributa. Koili iliyoandikwa alama za chanya na hasi imesukwa ili umeme uingilie chanya, na ikiwa hivyo ndipo cheche inayotoka kwenye shingo yake inakuwa hasi, jinsi plagi inavyotaka. Hitimisho halina njia ya kukwepwa: kwenye gari la bodi chanya, ncha chanya ya koili inafungwa kwenye distributa, na ncha hasi inafungwa kwenye swichi.

Kama nyaya za Lucas bado zina rangi zake chini ya miaka sitini ya tope na grisi, kazi ni nyepesi. Waya nyeupe tupu ndiyo itokayo kwenye swichi; hiyo iende hasi. Waya nyeupe yenye mstari mweusi ndiyo iendayo distributa. Hiyo ifungwe chanya. Koili ya zamani uliyoitoa haikuwa na alama hizo. Iliandikwa SW upande wa swichi na CB upande wa pointi, na ilisukwa kwa ajili ya bodi chanya, kwa hiyo aliyeifunga kwa kufuata herufi alipata sawa bila kufikiri. Hapo ndipo mtego ulipo. Fundi anaitoa koili yenye SW, anaiangalia mpya yenye alama ya kujumlisha, anasema moyoni kwamba SW ni swichi na swichi ni chanya, anahamisha waya. Amekwisha kuifunga kinyume, na hakuna taa itakayomulika kumwonya. Hata taa ya kupimia, ile ya balbu na msumari, haitamwambia kitu, kwa kuwa balbu inawaka umeme upitie huku au kule.

Sasa hoja yao kubwa: lakini linawaka. Naikubali bila kinyongo. Gari lenye koili iliyofungwa kinyume linawaka, linanguruma vizuri gerejini, linafika mjini na kurudi. Kama halingewaka, mabishano haya yasingekuwepo, maana kila mtu angeligundua kosa lake ndani ya dakika moja. Lakini kuwaka ukiwa umesimama juu ya zege si kipimo cha mfumo wa cheche. Kipimo ni pale injini inapofanya kazi.

Katikati ya plagi kuna ncha nyembamba iliyozungukwa na kauri. Injini ikishapata moto, ncha hiyo inafikia nyuzi mia kadhaa, nayo ina joto kuliko ule mkono wa pembeni uliounganishwa na bodi ya injini. Metali yenye joto huachia elektroni kwa urahisi kuliko metali iliyopoa. Kwa hiyo ikiwa ncha ya katikati ndiyo hasi, elektroni zinaruka kutoka mahali penye joto kwenda penye ubaridi, na koili haihitaji kusukuma sana. Ukiifunga kinyume, unazilazimisha ziruke kutoka kwenye mkono uliopoa, na koili inadaiwa volti nyingi zaidi kwa cheche ileile. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inataka cheche 100 kila sekunde, na kila moja kati ya hizo inalipa ushuru huo.

Koili mpya, plagi mpya na waya mpya zina akiba ya kulipa. Lakini plagi zikichakaa mwanya unapanuka, waya zikizeeka zinavujisha, unyevu wa asubuhi ukishuka juu ya kifuniko cha distributa sehemu ya nguvu inapotea njiani. Kisha dereva anapakia mzigo na kupanda kilima. Anapokanyaga mafuta hadi chini, hewa nyingi inaingia kwenye silinda, inagandamizwa zaidi, na kadiri inavyogandamizwa ndivyo cheche inavyotaka volti nyingi zaidi kuruka. Akiba inaisha hapo. Injini inakohoa, inarukaruka, inapoteza nguvu; dereva akiachia mafuta kidogo, inatulia. Kila anayepeleka ndizi kutoka Isingiro kwenda soko la Mbarara kwa gari la zamani anaijua dalili hiyo, na mara nyingi ameambiwa kwamba ni mafuta machafu.

Ndivyo alivyoambiwa mwenye Land Rover moja ya bodi fupi niliyoiona Bwizibwera, kwenye kibanda kilicho kando ya barabara ya kwenda Ibanda. Ilikuwa imefungwa koili mpya kwenye gereji nyingine. Tangu siku hiyo haikupanda kilima na mzigo. Akauziwa plagi. Akasafishiwa kabureta. Akabadilishiwa pampu ya mafuta. Mwishowe akashauriwa afungue injini, kwa kuwa silinda zimechoka. Mzee wa watu alikuwa tayari kuuza ng'ombe kwa ajili ya kazi hiyo.

Kijana aliyekuwa akiishughulikia ni Mkongomani wa Kivu anayeishi Nakivale, aliyejifunza kazi kwao kabla ya kukimbia. Alikuwa amezitoa plagi zote nne na kuzipanga juu ya tambara. Akanionyesha moja. «Papa, angalia hii buji. Inalika huku chini, katikati iko muzima.» Kweli, ncha ya katikati ilikuwa bado na kingo zake kali, lakini mkono wa pembeni ulikuwa umechimbwa kishimo kama kisahani, mahali pale pale cheche inapotua. Plagi iliyotumika kwa njia sahihi huliwa zaidi katikati. Hii ilikuwa imeliwa upande wa pili, na zote nne zilifanana. Ushahidi huo haubishaniki, na ulikuwa mikononi mwa kila fundi aliyezitoa plagi zile kabla yake.

«Masi yake ni chanya ao hasi?» nikamuuliza kwa Kiswahili cha kwao, ambako masi ni bodi. Akainama kwenye betri, akafuata kamba nene kwa kidole hadi ilipofungwa kwenye fremu. «Chanya, papa.» Akanyamaza kidogo, kisha akaitazama koili. Sikuhitaji kumwambia zaidi.

Tulitaka kuhakikisha kabla ya kugusa waya, na kipimo chake hakina gharama. Chukua penseli ya kawaida iliyochongwa, ishike kwa kitambaa kikavu au kipande cha mpira. Chomoa waya ya plagi moja, iache karibu na kichwa cha plagi bila kugusana, uingize ncha ya penseli kwenye njia ya cheche huku mwenzako akiizungusha injini. Hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu. Cheche itapita kwenye risasi ya penseli na kuacha mwali mdogo wa rangi ya chungwa upande mmoja. Mwali ukitokea kati ya penseli na plagi, koili imefungwa sawa. Ukitokea kati ya penseli na waya, imefungwa kinyume. Pale Bwizibwera mwali ulikuwa upande wa waya. Kijana akabadilisha nyaya mbili, tukapima tena, mwali ukahamia upande wa plagi. Kazi nzima ni nati mbili ndogo. Jioni ile mwenye gari alipanda na magunia.

Mafundi waliosoma wana hoja bora kuliko ya «linawaka», na haki inataka ijibiwe. Wanasema: magari mengi ya miaka ya 1990 yana koili yenye vichwa viwili, inayopiga plagi mbili kwa wakati mmoja, na moja kati ya hizo lazima ipate cheche ya kinyume. Magari hayo yanakwenda maelfu ya kilomita. Mbona basi tupige kelele juu ya Land Rover? Ni kweli kabisa kwamba plagi moja hupata cheche ya kinyume. Lakini koili hizo hukatwa na kifaa cha elektroniki chenye uwezo mkubwa, na mtengenezaji alilijua deni hilo tangu siku ya kwanza, akaweka volti za kulilipa na ziada juu yake. Mara nyingi aliweka na plagi zenye platini pande zote mbili ili mkono wa pembeni usiliwe upesi. Land Rover ya 1960 ina pointi za chuma zinazofunguliwa na kamu, na koili inayovuta kiasi cha ampea nne tu. Aliyeichora hakuacha nafasi ya kuipoteza. Kuchukua ruhusa ya mfumo wenye akiba na kuupa mfumo usio na akiba ni kosa lilelile la kanuni ya Corona, kwa elimu ya juu zaidi.

Kuna na madhara ya pili yanayozaliwa na kosa la kwanza. Gari likikosa nguvu, mwenye duka la spea anapendekeza «koili kali». Nyingi kati ya hizo ni koili za omu moja na nusu, zilizotengenezwa ziambatane na rezista. Land Rover ya zamani haina rezista. Koili yake ina kama omu tatu. Ukigawa volti 12 kwa omu tatu unapata ampea nne, ambazo pointi zinazimudu. Ukigawa kwa omu moja na nusu unapata nane. Pointi zinaungua na kuwa nyeusi, koili inachemka hadi huwezi kuishika, na baada ya muda gari linazima njiani na kuwaka tena likipoa. Pima kwa mita kabla ya kulipa. Hilo ni jambo la nusu dakika dukani.

Linabaki jibu la wanaosema tusijisumbue: ligeuze gari zima liwe la bodi hasi kama mengine, tumalize. Sina ugomvi na hilo likifanywa lote. Mwenye kutaka redio, au chaja ya simu ambayo ganda lake la chuma litagusa bodi, ana sababu nzuri. Stata na mota nyingi za zamani zenye sumaku ya nyaya zitazunguka upande uleule. Lakini dinamo lazima ipewe mguso mfupi wa umeme kwenye ncha yake ya F ili ijue upande wake mpya, nyaya za ampmita zibadilishwe, nyaya za koili zigeuzwe, na vichwa vya kamba za betri vibadilishwe pia, kwa kuwa nguzo ya chanya ni nene kuliko ya hasi. Nimeona vichwa vilivyopigwa nyundo vikaingia kwa nguvu, na vingine vilivyojazwa kipande cha bati. Ninacholaumu ni ugeuzaji wa nusu: betri imegeuzwa, koili imesahauliwa, na fundi anayefuata anakuta gari ambalo hata kitabu chake hakiwezi tena kulieleza. Likiwa limegeuzwa hivyo na bado lina koili ya zamani ya SW na CB, herufi nazo zinabadilishana kazi: SW inakwenda kwenye distributa, CB inakwenda kwenye swichi. Wangapi wanaojigamba kwamba wamegeuza wanalijua hilo?

Huniambii kwamba magari haya ni machache kiasi cha kutostahili somo. Yaliyobaki huku kwetu yanabeba maziwa, ndizi na watu, na wenye nayo si matajiri wanaoyapeleka Ngong kwenye mashindano ya magari ya kale ya Nairobi. Fundi akikosea, anayelipa ni mtu ambaye plagi nne ni sehemu kubwa ya mapato yake ya wiki. Ninachotaka kwa wanaofundisha vijana wetu, Mbarara na Nakivale, ni kidogo: kabla ya mwanafunzi kupewa bisibisi, apewe karatasi, achore njia ya umeme kuanzia nguzo ya betri hadi kwenye pointi, mara moja kwa bodi hasi na mara moja kwa bodi chanya, na aonyeshe kwa kidole koili inaingiliwa wapi katika kila mchoro. Na ninachotaka kwa kila fundi aliyekwisha kufunga ni mkebe wa rangi na brashi nyembamba. Juu ya kisanduku cha betri aandike BODI CHANYA au BODI HASI. Ubavuni mwa koili, karibu na ncha inayohusika, aandike DISTRIBUTA.